Saini za Marehemu Kumi na Mmoja

"Marehemu hashiki kalamu," alisema Norris Kvale. "Tukubaliane hilo kwanza, Daktari, ndipo tuendelee."

Daktari Twyla Hofer hakujibu upesi, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umezama hadi begani ndani ya ng'ombe. Ndama alikaa vibaya. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi Machi, theluji inayeyuka na zizi zima limekuwa tope. Kvale alisimama juu ya kipande cha mbao na faili lake kwapani, akajisifu moyoni kwa kuvaa viatu vya mpira.

Kabla ya kuajiriwa na ofisi ya uchaguzi ya jimbo, Kvale alikuwa mkaguzi wa chapa za ng'ombe huko magharibi ya Mto Missouri. Miaka ishirini akisoma alama za moto kwenye mapaja ya mifugo, akijua ipi ya kweli na ipi imeunguzwa juu ya nyingine. Saini ya wizi na ng'ombe wa wizi, alipenda kusema, tofauti yao ni harufu tu.

"Unagombea seneti ya jimbo kwa Chama cha Uwanda," alisema.

"Ndiyo. Usicheke."

"Sikucheka."

"Watu wengi hucheka hapo."

Chama chenyewe kilikuwa cha tatu, na katika kaunti ile wanachama wake wangeweza kukaa meza moja na viti vikabaki. Vyama vikubwa viwili huingia kwenye karatasi ya kura kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Wa chama cha tatu lazima abishe hodi: alete wadhamini mia mbili na hamsini, wapiga kura halali, na aape kwamba kila mmoja alisaini mbele ya macho yake. Twyla alileta mia mbili hamsini na wanane. Kumi na mmoja kati yao walikuwa makaburini.

"Kwa hiyo umepungukiwa na watatu," Kvale alisema. "Dirisha la kupokea fomu linafungwa kesho saa kumi na moja jioni. Lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kiapo. Faili hili likimfikia mwendesha mashtaka hivi lilivyo, hiyo ni jinai, na leseni ya udaktari unaiaga."

"Niliapa kweli. Nikiutoa mkono huu nitaapa tena."

"Emil Haugstad ulimwona akisaini?"

"Emil alikufa."

"Ndiyo maana nauliza."

"Bwana Kvale, mimi sikuona maiti. Niliona watu. Walikuwa hai, nusu yao wakiniuliza habari za ng'ombe wanaochechemea. Shika hiyo kamba."

Kvale aliweka faili juu ya nguzo, akashika kamba. Walivuta. Akauliza huku akivuta, maana kazi ni kazi.

"Ilikuwa wapi?"

"Mkutano mkuu wa Ushirika wa nafaka, Jumamosi ile. Watu mia tatu na nyama ya nguruwe ya bure, nani angekosa? Nikaweka meza yangu mlangoni. Mtu anasaini daftari la wanachama kwa Marlys, karani wao, anasogea hatua moja, anasaini kwangu, anakwenda kupanga foleni ya nyama."

"Kalamu ilikuwa ya nani?"

"Ya Marlys. Zangu ziliganda kwenye pikapu. Walikuja nayo mkononi."

"Majina hukuyasoma?"

"Fomu ilikuwa imewaelekea wao. Mimi nilikuwa nawasoma nyuso. Vuta, bwana, unalala?"

Ndama akatoka, akaanguka kwenye majani makavu, akapiga chafya. Twyla alimfuta pua kwa gunia, kisha akaegemea ukuta. Uso wake ulikuwa umekwisha kwa uchovu.

"Miaka kumi na tisa natibu mifugo ya kaunti hii," alisema. "Sikuwahi hata kuandika chanjo ambayo sikuchoma. Nitafutie jibu. Mimi nimelikosa."

* * *

Aliyeleta malalamiko alikuwa Lyle Tjaden, mwenyekiti wa chama kikubwa pale kauntini na muuzaji wa bima ya mvua ya mawe. Ofisi yake ilitazamana na benki. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shingo nene, mikono ya mkulima ndani ya shati la karani.

"Nilikwenda kuzikagua fomu kama sheria inavyoruhusu," alisema. "Nikafika ukurasa wa tisa. Soma mwenyewe."

Kvale alisoma. *Gerhard Tjaden.*

"Baba yangu. Yuko nyuma ya kanisa la Mtakatifu Olaf mwaka wa tisa huu. Halafu mtu anamchukua, anamfanya mdhamini wa chama kisicho na hata ofisi. Nilishindwa kula siku ile, nakwambia kweli."

Hasira yake ilikuwa halisi. Kvale aliipima akaona haijatiwa maji. Ila macho yake yalikuwa yameshahamia ukutani, kwenye karatasi iliyowekwa fremu: cheti cha mauzo, cha tarehe ya zamani sana. *Mtamba mmoja mwekundu, kwa Lyle, bei: hakuna.* Chini yake, saini.

"Nikikaribia?"

"Karibia. Ndama wangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka tisa."

Kvale alitoa kioo chake cha kukuzia. Akatazama ukutani, akatazama fomu, akarudi ukutani. Ile G ilikuwa na mkia mrefu unaojikunja kushoto, na mwisho wa jina kulikuwa na kituo kidogo, kana kwamba mwandishi ameshusha mzigo. Kwenye fomu vilevile. Mtu anayeiga huandika polepole na wino hutetemeka. Huu haukutetemeka.

"Unaona?" Lyle alisema kwa sauti ya chini. "Wameiba hadi mkono wake."

"Karatasi hii huonwa na nani?"

"Kila mwenye shamba anayekata bima."

"Na wewe kila siku."

Lyle aliinua kichwa taratibu. "Sema unachotaka kusema."

"Ulikuwa kwenye mkutano ule. Una mfano wa saini ukutani. Yule daktari akianguka, chama chako kinabaki na mpinzani mmoja badala ya wawili."

"Kwa hiyo nimemfufua baba yangu mzazi ili nimwangushe mganga wa ng'ombe."

"Nauliza tu."

"Mara iliyopita tulishinda kwa kura elfu nne. Yule mama akijitahidi sana atapata mia sita na asante. Chamani kwetu hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake." Aliweka kidole juu ya jina. "Mimi nakosa usingizi kwa hili. Na nina ombi moja. Mama yangu asisikie. Ana miaka themanini na mmoja, bado yuko shambani peke yake. Akijua jina la mumewe limechezewa, itammaliza."

Kvale aliahidi kwamba hatamwambia pasipo sababu. Alitoka akiwa na mshukiwa mzuri ambaye hakumwamini hata kidogo kuwa ni mshukiwa. Hilo lilimkera.

* * *

Alikwenda mkahawani, maana hakuwahi kufikiri vizuri akiwa na njaa. Aliagiza kuchen ya plamu, ile keki ya krimu ambayo bibi wa Kijerumani wa huko huisimamia kama amri ya Mungu, akapanga majina kumi na moja kwenye kitambaa cha karatasi. Pembeni ya kila jina akaandika mwaka wa kifo, kisha anwani iliyo kwenye fomu.

Kipande cha tatu cha keki kilikuwa njiani kwenda mdomoni kiliposimama.

Emil Haugstad alikufa miaka kumi na minane iliyopita. Enzi zile barua za mashambani zilikwenda kwa namba za masanduku. Barabara zilipewa namba baadaye, miaka kumi na miwili tu nyuma, ili gari la wagonjwa lisipotee. Na Emil kwenye fomu alikuwa anakaa nambari 41870, Barabara ya 272.

Emil alikufa kabla barabara yake haijapata namba.

Kvale alirudi kwenye orodha. Watano wengine walikuwa hivyohivyo. Basi, alijiambia, tuhesabu taratibu. Mwizi wa majina huyaokota makaburini au kwenye daftari la zamani la wapiga kura. Kaburi halina anwani, na daftari la zamani lina anwani ya zamani. Aliyeandika hii anaijua namba ya leo. Huenda anaiandika kila wiki nyuma ya bahasha. Anaishi humohumo.

Akatazama tena miandiko. Kumi na mmoja, na kila mmoja wa mkono wake: yote ya kuunganisha, iliyolala kulia, iliyofundishwa kwa rula na mwalimu mkali. Siku hizi hakuna kijana anayeandika hivyo. Kwa hiyo huyu si mwizi mmoja mwenye majina kumi na moja. Ni nyumba kumi na moja, na katika kila nyumba mtu mzima aliyebaki.

Ilibaki kuuliza kwa nini. Alikumbuka kalamu ya Marlys, akalipa, akavuka barabara.

* * *

Marlys alikuwa nyuma ya kaunta ya Ushirika, kati ya mifuko ya pumba na sanduku la glavu. Ndiye karani, ndiye mtunza daftari, na ndiye kamishna wa viapo aliyegonga muhuri kwenye kiapo cha Twyla. Katika mji wa watu mia saba mtu mmoja huvaa kofia nyingi.

"Naomba kuona daftari la wanachama," Kvale alisema.

"Liko ofisini kwa meneja."

"Meneja yuko wapi?"

"Mjini. Ameng'oa jino."

"Ofisi ina ufunguo?"

"Kila ofisi ina ufunguo," Marlys alisema, akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Alikuwa amesimama sawasawa mbele ya kabati moja, na kila Kvale aliposogea kushoto, naye alisogea kushoto. Kvale aliifurahia ngoma hiyo kwa dakika nzima.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mzee mwembamba, buti zina tope, skafu imefungwa kidevuni.

"Chakula cha vifaranga mfuko mmoja, Marlys. Na cha kuku wakubwa mmoja. Mguu wangu leo, usiniulize."

Marlys alisukuma stakabadhi mbele yake kama anavyoisukuma kila wiki. Mzee akashika kalamu, akasaini huku akiitazama bei ya mbegu za maboga. Hakutazama hata alichoandika. Ghafla Marlys akakumbuka nani mwingine yumo dukani, na mkono wake uliokuwa na kitambaa ukasimama.

Mkaguzi wa chapa husoma alama ikiwa kichwa chini, kwenye mnyama anayekimbia. Karatasi iliyotulia haikumpa shida. G yenye mkia unaojikunja kushoto, na mwishoni kituo kidogo.

"Habari za mchana, Bi Tjaden," Kvale alisema.

"Nzuri. Wewe ndiye wa serikali. Nimesikia una gari la kijivu."

"Naomba nikuulize. Umeandika jina la nani hapo?"

Alvina Tjaden aliitazama stakabadhi kama mtu aliyeambiwa ana makombo kidevuni.

"La kwetu," alisema.

"Bwana Gerhard ni marehemu."

"Najua. Nilikuwepo."

Marlys alikohoa. Hakuna aliyemjali.

"Na siku ya mkutano," Kvale aliendelea kwa upole, "ulisaini daftari la Ushirika. Kisha?"

"Kisha nikasogea kwa Twyla. Nilitaka kumsainia Twyla. Kalamu ilikuwa bado mkononi..." Akamtazama Marlys, akaitazama stakabadhi tena, na safari hii aliisoma. "Mkono ukaendelea," alisema. "Mungu wangu. Mkono uliendelea tu."

"Na wenzako kumi?"

"Tulikuwa foleni moja. Wajane hukaa pamoja, nani mwingine atakaa nasi?"

Kvale alimgeukia Marlys. "Sasa nieleze wewe."

Marlys alitupa kitambaa. "Katiba ya Ushirika. Shamba moja, kura moja, na uanachama unakufa na mwanachama. Mjane aliyekodisha shamba halimi, kwa hiyo hawezi kuomba. Anapewa fedha za hisa ya mumewe mkononi na kuambiwa kwaheri. Waliandika hivyo mwaka 1934, wanaume tupu."

"Kwa hiyo hakuna anayekufa."

"Kwenye daftari langu? Hapana, bwana. Hakuna anayekufa. Meneja anajua, mchungaji anajua. Wasiojua ni wale wasiotaka kujua."

"Mwaka jana walitaka kulifunga ghala letu la nafaka," Alvina alisema. "Lilinusurika kwa kura sita. Hesabu mwenyewe sita hizo zilikuwa za akina nani."

Kvale alivua kofia. Jibu alikuwa nalo, zuri, linaingia kama ufunguo, na halikumfurahisha.

"Nitasema wazi," alisema. "Daktari anaweza kupona kwa njia moja. Nipate maelezo ya mmoja wenu, kwa maandishi, kwa jina lake mwenyewe, kwamba alisaini mbele yake na kwa nini alisaini hivyo. Lakini ripoti yangu husomwa na yeyote anayeitaka. Katibu wa Ushirika ataisoma."

"Na nitafutwa daftarini," Alvina alisema.

"Utafutwa," Marlys alisema. "Na huenda wenzako pia."

"Nisipoandika?"

"Daktari atashtakiwa."

Alvina alifunga skafu upya. "Kuku wangu hawajala," alisema, akatoka.

Kvale alimbebea mifuko hadi garini. Alijua hana ruhusa ya kumwambia mtu asaini au asisaini. Kwa hiyo alizungumzia hali ya barabara.

"Toka hapa hadi makao makuu ya jimbo ni mwendo wa saa mbili kamili," alisema. "Mtu anayetaka kuwahi dirisha kesho hatathubutu kuondoka hapa baada ya saa tisa."

"Mimi siendi huko."

"Sikusema unakwenda."

* * *

Jumanne saa nane na nusu, Twyla alikuwa amesimama nyuma ya meza ileile, dukani kwa Ushirika, pikapu inanguruma nje. Safari hii fomu ilikuwa imemwelekea yeye, na alisoma kila herufi. Bi Haugstad, mjane wa Emil, alikuja na jirani yake, mjane mwenzake. Kila mmoja alisaini jina lake, taratibu, ulimi nje. Kvale alipowauliza kuhusu maelezo ya maandishi, wote wawili walitazama viatu vyao.

"Tumekuja kusaini," Bi Haugstad alisema. "Hayo mengine tuachie."

Mia mbili arobaini na tisa.

Lyle Tjaden alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja karibu na sanduku la glavu, mikono kifuani. Sheria inamruhusu mlalamikaji kuangalia, na aliangalia. Saa tisa kasoro dakika nane mlango ulifunguliwa, akasimama.

"Mama, umekuja kufanya nini huku?"

"Kuandika," alisema Alvina. "Nipishe, mwanangu."

Alichukua kalamu kwa Marlys. Aliinama juu ya fomu muda mrefu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, kisha akaandika jina lake lote, Alvina Tjaden, na anwani chini.

"Umemsainia huyu?" Lyle aliuliza. Sauti haikuwa ya mwenyekiti tena.

"Nimemsainia. Yule ng'ombe mweusi alipokwama kuzaa wakati wa tufani, nilipiga simu mbili. Wewe ulikuwa kwenye mkutano wa chama. Yeye alikuja." Akamgeukia Kvale. "Leta hiyo karatasi nyingine."

Akaandika mistari minne. Hakuficha daftari wala ghala wala foleni ya wajane. Majina ya wenzake hakuyataja, na Kvale hakuyauliza, maana sheria ilitaka mmoja. Marlys aligonga muhuri. Twyla alipokea fomu, akamshika mzee bega kwa nguvu na kutoka mbio. Pikapu iliondoka ikirusha tope hadi kwenye kioo cha duka.

Lyle alikuwa anayasoma maelezo. Aliyasoma mara mbili.

"Hapana," alisema. "Mama, haiwezekani. Ile ni saini ya baba. Naijua. Ninayo ukutani."

"Naijua iliyo ukutani."

"Basi ulijifunza kuiga mkono wake."

"Baba yako hakuwa na mkono wa kuigwa. Kalamu ilimtisha kuliko radi. Hundi, ripoti zako za shule, karatasi za benki, zote niliandika mimi mezani pale jikoni. Yeye alikuwa nje na wanyama."

Marlys alijifanya anapanga glavu. Kvale alitazama dirishani, kwenye tope, kwa heshima. Lyle alikaa tena kwenye kiti cha kukunja, na kiti kikalia.

"Na ndama?" aliuliza.

"Ndama alikupa yeye. Alimchagua siku tatu. Mimi niliandika tu." Alvina alimwekea mwanawe mkono kichwani, kidogo, akauondoa. Kisha akanyoosha kiganja kwenye kaunta.

"Marlys, toa hilo daftari kabatini. Gerhard nitamfuta mwenyewe."